Faragha na Ridhaa Unapowauliza Watu Wenye Ulemavu Vipaumbele vya Jamii: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Mkoani Kigoma

Kila tunapojiandaa kwenda uwandani, iwe Ujiji, Kasulu au vijiji vya mwambao wa Uvinza, wadadisi wapya huuliza maswali yaleyale. Wanaohojiwa nao wana yao, na mara nyingi ni makali zaidi. Tumeyakusanya hapa. Pale jibu moja linapogusa jingine, tumetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Watu wenye ulemavu si wananchi kama wengine? Utaratibu wa peke yake wa nini?

Ni wananchi kama wengine, na haki yao ya faragha ni ileile iliyo katika Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977. Tofauti iko kwenye mazingira ya kuhojiwa. Asiye na ulemavu akipigiwa hodi huamua mwenyewe akae wapi, nani asikie, na mgeni aondoke saa ngapi. Anayesaidiwa kula, kutoka nje au kuelewa kinachosemwa huhojiwa mbele ya mtu anayemtegemea. Akisema jambo lililomuudhi msaidizi wake, wewe utapanda pikipiki urudi mjini. Yeye atabaki palepale, na chakula cha jioni kitatoka mkononi mwa huyohuyo.

Ndiyo maana tunasisitiza mno nani yupo wakati wa mazungumzo. Swali la 8 limekaa hapo kwa muda mrefu kuliko mengine yote, kwa makusudi.

2. Sheria zipi zinatuhusu?

Iliyo karibu zaidi na kazi yenyewe ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inaziweka taarifa za afya na za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi kabla ya kuzichakata. Inamtaka pia anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kikundi kidogo cha Kibondo chenye kompyuta moja nacho kinahusika. Udogo si kinga.

Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Na kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara zake tatu zisome kabla hujachapa dodoso: ya 12 kuhusu usawa mbele ya sheria, ya 22 kuhusu faragha, na ya 31 kuhusu takwimu.

3. Vibali tuanzie wapi?

Utafiti wa kitaaluma huanzia COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), na ukigusa afya unapita pia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Kutoka hapo barua inashuka: mkoa, wilaya, halmashauri, kata, kijiji au mtaa. Fika na nakala za kutosha. Kila ofisi itabaki na yake.

Kibali lakini kinakufungulia njia ya kufika mlangoni tu. Kuhusu kuingia ndani, tazama swali la 5.

4. Ni lazima tuulize mtu ana ulemavu gani?

Jiulize kwanza utalitumia wapi jibu. Kama unataka kujua kijiji kinaona kipi kitangulie kati ya kisima, zahanati na daraja, huhitaji jina la ugonjwa wa mtu, wala mwaka ulipoanza, wala chanzo chake. Tumeona madodoso ya vipaumbele yenye swali la "ulemavu ulisababishwa na nini?" Swali hilo halikutumika popote kwenye ripoti, ila lilimliza mzee mmoja aliyekumbushwa ajali iliyomuulia mke.

Unapohitaji kutenganisha majibu ili kuona wanaopata shida ya kutembea wanataka nini tofauti na wengine, tumia maswali sita mafupi ya Washington Group, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu. Yanauliza ugumu wa kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia, na kuwasiliana. Majibu yake ni manne: hapana ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, hawezi kabisa. Uzuri wake ni kwamba humwiti mtu "mlemavu" mlangoni kwake, na unawauliza watu wote wa sampuli kwa namna moja. Hayagusi ualbino, na hali nyingi za afya ya akili huyapita pembeni. Ndiyo maana Sensa ya mwaka 2012 iliuliza ualbino kwa swali la peke yake. Wewe ukiona ni lazima uulize, soma swali la 15 kwanza.

Mpangilio nao una uzito. Anza na vipaumbele, maliza na mwili wa mtu. Ukianza na mwili, mazungumzo yote yaliyobaki yatakuwa ya kuomba kiti mwendo.

## Ridhaa

5. Mwenyekiti wa kijiji ameshakubali na ametutangaza mkutanoni. Haitoshi?

Haitoshi. Mwenyekiti amekubali mfanye kazi kijijini kwake. Hana mamlaka ya kukubali kwa niaba ya kinywa cha mtu mwingine.

Mshukuru, mwombe akutambulishe, kisha mwombe kwa heshima aondoke kabla ya swali la kwanza. Hapa wengi husitasita, wakiona ni utovu wa adabu. Maneno tunayotumia ni haya: "Mzee mwenyekiti, umetufikisha, tunashukuru. Utaratibu wa kazi yetu unataka tubaki na mhojiwa peke yetu. Tukimaliza tutapita ofisini kukuaga." Wengi huelewa bila kinyongo. Akikataa kabisa kuondoka, uliza maswali ya barabara na maji pekee, yale ya uongozi na huduma yaache, na uandike kwenye dodoso kwamba hakukuwa na faragha.

6. Tuombe ridhaa kwa maneno gani?

Kwa Kiswahili cha nyumbani, au Kiha kama ndicho anachokielewa vizuri. Fomu ya ukurasa mzima yenye "ushiriki wako ni wa hiari na hautaathiri stahiki zako" inamfanya mtu atikise kichwa ili uishe haraka. Jaribu hivi:

"Bibi, tunazunguka kuwauliza watu wanaona nini kifanyike kwanza hapa kijijini. Sisi si serikali, na hatugawi fedha wala vifaa. Ukikubali tutakaa kama nusu saa. Swali usilolitaka, sema 'ruka'. Ukichoka, sema tuache. Jina lako halitaandikwa kwenye ripoti. Ukisema kuna mtu anakuumiza au anataka kukuumiza, hapo nitazungumza nawe tutafute msaada. Siwezi kukuahidi kunyamaza tu. Umenielewaje? Hebu niambie kwa maneno yako."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Akirudia kwamba "mmekuja kuandikisha watu wa msaada", hujaeleweka. Rudi mwanzo. Na salamu za Waha hazikatizwi: ukiingia na fomu mkononi kabla salamu haijaisha, umeshaharibu.

7. Hawezi kusaini, au haoni maandishi. Ridhaa ya maandishi tunaipataje?

Msomee yote kwa sauti, kisha aweke dole gumba mbele ya shahidi. Shahidi amchague yeye. Dereva wenu si shahidi. Kwa asiyeona anayesoma nukta nundu, nakala ya nukta nundu ni bora zaidi, lakini usidhani kila asiyeona anaisoma. Waliopoteza uwezo wa kuona ukubwani wengi hawakupata nafasi ya kujifunza.

Asiye na mikono, au ambaye mikono haimtii, aseme kwa sauti irekodiwe na shahidi atie saini yake. Usimshike mkono ukaubonyeza kwenye wino. Tuliwahi kuona mdadisi akifanya hivyo akiamini anasaidia.

8. Mama yake au mumewe anajibu kila swali. Tufanyeje?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na hakuna dawa moja.

Kwanza elewa kwamba msaidizi mara nyingi ana nia njema. Amezoea. Hospitali wanamuuliza yeye, shule ilimuuliza yeye, hata wageni wa harusi wanamuuliza yeye: "Huyu anakula nini?" Ukimgombeza utafungiwa mlango. Mwambie una maswali yake pia, kwa sababu anayemhudumia mtu ana vipaumbele vyake na vina thamani. Mwenzako amhoji chini ya mwembe, wewe ubaki na mhojiwa. Kwa hiyo mnakwenda wawili wawili kila kaya. Ni gharama, iwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo.

Pili, kaa unakoonekana na mhojiwa, macho yako yawe kwake hata kama jibu limetoka kwa mwingine. Rudia swali kwake: "Na wewe unaonaje, dada?" Subiri. Mtu anayezungumza kwa taabu anaweza kuhitaji dakika nzima kwa sentensi moja, na ukimalizia maneno yake umemnyang'anya jibu.

Katika kijiji kimoja cha Buhigwe tulimhoji binti asiyetembea. Mama yake akasema kipaumbele chao ni cherehani. Tulipobaki naye, binti alisema choo kiwekewe mlango, maana anatambaa kwenda na kila apitaye njiani anamwona. Hakuwahi kulisema mbele ya baba yake, na asingelisema. Yote mawili tuliyaandika, kila moja kwa mwenyewe.

Tatu, wapo ambao kweli hawawezi kuwasiliana bila msaidizi, na wanamtaka awepo. Hiyo ni haki yao. Muulize mhojiwa mwenyewe, kwa ishara au namna yoyote anayojibu, nani akae karibu. Jibu lililotolewa na mwingine liwekewe alama kwenye dodoso kuwa limetoka kwa mwingine. Usilichanganye na majibu ya watu waliosema wenyewe.

9. Kwa viziwi, tutamtumia ndugu kutafsiri?

Mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania ndiye chaguo la kwanza. CHAVITA, chama cha viziwi, ni mahali pa kuanzia kuuliza. Lakini viziwi wengi wa vijijini hawakusoma shule ya viziwi. Wanatumia alama za nyumbani ambazo mkalimani wa mjini hazijui. Hapo utahitaji watu wawili: mkalimani, na mtu wa nyumbani aliyechaguliwa na kiziwi mwenyewe. Wote wawili waahidi kutunza siri kabla hamjaanza. Andiko la Kiswahili usilitegemee hadi uhakikishe analisoma kwa raha.

Ridhaa ya kiziwi ikirekodiwa kwa video, kumbuka video ni sura yake. Haitunzwi pamoja na majibu.

10. Mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kutoa ridhaa?

Wengi wanaweza, kwa jambo lililoelezwa kidogo kidogo. Swali la "unapenda nini kijijini, nini kinakuogopesha njiani" halihitaji elimu ya sheria. Tumia picha, au tembea naye hadi kisimani akuonyeshe. Muombe ridhaa upya kila mnapobadili mada.

Kukataa kwake si lazima kuwe kwa maneno. Akigeuka, akiinuka, akianza kuchezea kamba ya kiatu na kukuacha na swali lako, amekataa, hata kama mlezi wake anasema "endelea tu, ndivyo alivyo".

11. Walio chini ya miaka 18?

Mzazi au mlezi aridhie, na mtoto naye akubali. Mtoto akikataa, kukubali kwa mzazi hakumlazimishi.

12. Tuwape kitu?

Fidia ya muda na nauli, ndiyo. Iwe sawa kwa wote, itajwe kabla, na anayeacha katikati aipate yote. Usiiweke mezani wakati wa kuomba ridhaa. Kwa anayekuja kwenye mkutano na msaidizi, nauli ni za watu wawili, na bodaboda anayekubali kubeba kiti mwendo huenda akadai zaidi.

## Maswali ya wanaohojiwa

13. Nikikataa, nitakatwa kwenye mkopo wa asilimia mbili au TASAF?

Hapana. Fungu la asilimia kumi la mapato ya ndani ya halmashauri, ambalo mbili ni za watu wenye ulemavu, lina utaratibu wake na waombaji wake. TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, nayo ina wake. Anayekwambia kwamba bila kumjibu utakatwa anakutisha. Mripoti kwa Afisa Ustawi wa Jamii au kwa chama chako.

Mdadisi, kwa upande wako: usivae fulana ya mradi wa misaada, na usihojie watu siku ya malipo ya TASAF.

14. Waliwahi kuja wengine wakaandika, hatukuona kitu. Na nikibadili mawazo kesho?

Una haki ya kuuliza ya nyuma yaliishia wapi, na anayekuhoji akueleze matokeo utayapata lini na kwa njia gani. Sisi hurudi kusoma majibu mkutanoni kabla ya kuyapeleka halmashauri. Timu isiyopanga kurudi ipunguze idadi ya vijiji.

Ukibadili mawazo, sheria inakuruhusu kuondoa ridhaa, na hulazimiki kutoa sababu. Utaachiwa karatasi yenye namba ya simu na namba ya dodoso lako. Majibu yanaweza kufutwa hadi siku yatakapochanganywa na ya wengine, kwa hiyo tarehe hiyo nayo iandikwe kwenye karatasi.

## Taarifa zikishakusanywa

15. Orodha ya majina na nyumba ina hatari gani?

Kwa watu wenye ualbino, orodha ni ramani. Mauaji na ukataji wa viungo vilivyoitikisa Kanda ya Ziwa na mikoa yetu ya magharibi kuanzia miaka ya 2006 hadi 2008 viliwafanya wazazi wawapeleke watoto kulelewa kituoni Kabanga, Kasulu. Wasiofikiri kwamba hayo yameisha wakumbuke Kagera, 2024, mtoto aliyechukuliwa nyumbani kwao. Karatasi inayosema kitongoji, jina la baba na umri wa mtoto mwenye ualbino haitakiwi kuwepo. Si kufungiwa kabatini. Isiwepo.

Kwa hiyo: usiulize njiani "nyumba ya albino ni ipi?" Usiandike ualbino pamoja na eneo dogo kuliko wilaya. Watu hao waalikeni kupitia chama chao, mahali wanapopachagua wao.

Tahadhari hiyo inawafaa pia wenye kifafa na wenye matatizo ya afya ya akili, ambao majirani huenda hawajui. Ukimwomba mtendaji "nipe majina ya walemavu wote", atawauliza mabalozi wa nyumba kumi, mabalozi watawauliza majirani, na mliyoyatoa nje hayarudi ndani.

16. Tunatumia vishikwambi. Tuangalie nini?

Programu ya kukusanya majibu kama KoboToolbox inaweza kuchukua majira ya nukta (mahali kifaa kilipo, kwa GPS), saa na namba ya kifaa. Zima usichokihitaji; majira ya nukta ya nyumba ni anwani kamili. Washa usimbaji wa fomu ili asiye na ufunguo asiweze kuisoma, weka nywila ndefu, tuma majibu kila jioni na uyafute kwenye kifaa. Picha za simu nazo hubeba eneo zilipopigiwa. Majina ya ridhaa yakae kwenye faili moja, majibu kwenye jingine, na orodha inayounganisha majina na namba za madodoso ikae kwa mtu mmoja. Kama seva iko nje ya nchi, soma masharti ya sheria ya 2022 kuhusu kusafirisha taarifa kabla hujaanza, si baadaye.

17. Hatukuandika jina lolote. Si tumemaliza?

Mkoa ulikuwa na watu 2,470,967 kwa Sensa ya 2022, lakini kitongoji ni cha watu wanaojuana kwa kikohozi. "Mwanamke kiziwi, miaka 34, fundi cherehani, anayelalamika kuhusu muuguzi wa zahanati" hana jina, na kila mtu anamjua, muuguzi akiwa wa kwanza. Kundi lenye watu chini ya kumi sisi hatulitoi kwenye jedwali. Tunaliunganisha na kata jirani. Nukuu tunaiondolea kazi, umri na kijiji. Ikibaki bado inamtambulisha mtu, tunaiacha, hata kama ndiyo nukuu nzuri kuliko zote.

18. Halmashauri inaomba orodha ili iwasaidie watu hao. Tuwape?

Hapana, kama hamkuiombea ridhaa hiyo. Kijiji kina kamati yake ya watu wenye ulemavu chini ya Sheria ya 2010, na ofisi ya ustawi ina njia zake za kuandikisha. Wapeni ripoti iliyojumlishwa. Mkijua mapema kwamba watu wengi watataka kuunganishwa na huduma, wekeni swali la pili, na saini yake ya peke yake: "Unataka jina lako lipelekwe ustawi wa jamii?"

## Hali ngumu

19. Katikati ya mahojiano anasimulia kwamba anapigwa au anabakwa.

Weka dodoso chini. Msikilize, usimhoji kama polisi. Muulize anataka nini na yuko salama usiku wa leo kiasi gani. Akiwa mtu mzima, mweleze kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto na Afisa Ustawi wa Jamii, na muongozane kama anataka. Akiwa mtoto, lazima hatua ichukuliwe. Simu ya Mtoto ni 116, bila malipo. Usimwambie mwenyekiti wala mtu wa kaya. Ndiyo maana ile sentensi ya swali la 6 kuhusu kutonyamaza inasemwa mwanzoni.

20. Tunajua kuna mtu amefichwa ndani.

Usilazimishe wala usichungulie. Kuficha kwingine Kigoma kunatokana na woga wa kweli (swali la 15), na familia inaweza kuwa inamlinda. Ukisikia kilio, ukaona dalili za kufungwa au njaa, hilo si suala la dodoso tena. Fuata swali la 19.

21. Kambi ya wakimbizi, kama Nyarugusu?

Kuingia kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Usimuulize mkimbizi safari yake ili kujua anataka bomba liwekwe wapi.

22. Kwenye mkutano wa pamoja, siri inalindwaje?

Hailindwi, na semeni hivyo wazi. Mnaweza kuwaomba watu wasitoke na maneno ya wenzao, lakini hamwezi kuahidi. Mambo ya mwili, ndoa na fedha yaachwe kwa mahojiano ya mtu mmoja mmoja.

23. Mhojiwa anataka jina lake liandikwe. Tumkatalie?

Hapana. Mzee mmoja asiyeona alituuliza kwa nini diwani akisema kuhusu barabara anaandikwa jina, na yeye aliyeanguka kwenye mtaro wa barabara hiyohiyo anaandikwa "mhojiwa mwanaume". Alikuwa na haki. Tulikaa naye, tukamsomea hasa maneno yatakayotoka, tukamweleza nani atayasoma, na kwamba yakishachapwa hayafutiki. Tulimpa siku tatu. Siku ya nne alikuwa ametutangulia ofisini, na akataka neno moja libadilishwe: tulikuwa tumeandika "anaomba" mtaro ufunikwe. Alisema aandikwe "anataka".